Mbwa Aliyegeuzia Barabara Mgongo

Simu ilinikuta nasahihisha madaftari ya kidato cha pili hapa nyumbani Mitwero, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji kwa sababu ya joto, na nilipoona namba nisiyoijua nikaiacha iite mpaka ikakata. Ikaita tena. Mwanamke akanitolea salaam kwa sauti ya mtu aliyelia sana akamaliza, akasema yeye ni Rukia, binti wa Bi Somoe wa kule vilimani nyuma ya Pande, na namba yangu amepewa na mwalimu mmoja wa huko niliyewahi kumfundisha. "Mama ametutoka," akasema. Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikatoa miguu kwenye beseni. Mazishi yalikuwa yamekwishapita. Alikuwa ananiita kwenye arobaini. Lakini hakuishia hapo. "Wewe ndiye uliyekaa naye mwaka ule ambao mimi sikuwepo," akasema. "Wewe na yule dokta wenu wa mbwa. Nataka uje uniambie mama yangu alikuwaje mwaka ule. Alikuwa akisema nini juu yangu. Hata kama ni baya, niambie tu." Nikamjibu kwa wepesi kabisa, nitakuja dada, nitakwambia yote. Nikaweka simu chini, nikaanza kumtafuta Bi Somoe kichwani. Jamani, sikumpata.

Nilichokipata ni mbwa. Huyo nilimpata mzima mzima: rangi ya majivu, kifua cheupe, sikio la kushoto limechanwa na nguruwe pori, na ule mtindo wake wa kujizungusha mahali anapotaka kulala kisha anabadili nia, anakwenda kulala pengine. Najua alikunja mguu upi akilala. Najua aliogopa ngurumo na hakuogopa nguruwe. Lakini mwanamke aliyenilaza na kunilisha, aliyenichemshia majani nilipopata homa, aliyeniitikia marahaba kila asubuhi ya Mungu, amenibakia mikono tu, inaweka sahani mkekani. Uso wake sina. Sauti yake sina. Neno moja alilolisema juu ya binti yake sina. Niliona aibu nikiwa peke yangu sebuleni, mpaka nikainuka kwenda kufunga mlango, utadhani kuna mtu ananichungulia. Mtu amefiwa, ananiomba mwaka mmoja wa mama yake, mimi ndiye niliyeachiwa mwaka huo, na nimemwekea mbwa.

Niseme nilivyofika kule. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina kazi wala sina akili ya kuitafuta, ndipo akaja Lindi Dokta Anjela, mhadhiri wa saikolojia kutoka Dar es Salaam, anataka msichana anayeandika haraka na asiyeogopa mbwa. Mimi mbwa nilikuwa nawaogopa kupita kiasi. Nikasema siogopi. Alikuwa Mchaga mrefu mwenye kicheko cha kuamsha kuku, na utafiti wake ulikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni mbwa wenyewe: nani anamwita, anamwitaje, mbwa anakuja au haji, na akiondokewa na mtu wake anafanya nini. Upande wa pili ni watu: ukimwuliza mtu leo mbwa wako jana alifanya nini, halafu ukamwuliza jambo lilelile baada ya wiki kadhaa, je, atakwambia alichokiona, au atakwambia kingine? Sisi tunakuwa tumekwishashuhudia kwa macho yetu, kwa hiyo tunajua. Kule vilimani mbwa ni wengi kwa sababu ya nguruwe na ngedere wanaomaliza mihogo. Waislamu wanao, Wakatoliki wanao, wote wanalinda mashamba. Watu waliposikia shughuli yetu walicheka wakakaa chini. "Mwanamke mzima anasoma mbwa," nilimsikia jirani mmoja akisema jikoni kwa Bi Somoe, nami nipo nyuma ya ukuta. "Na gari wamempa." Sauti nyingine ikajibu, "Mwache. Wengine wanasoma nyota." Leo nadhani huyo aliyejibu alikuwa Bi Somoe mwenyewe, maana jiko lilikuwa lake, lakini kuapa siwezi.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, paa la makuti, vyumba vitatu. Mumewe, Mzee Athumani, alikuwa amefariki miezi kadhaa kabla hatujafika, na yeye alikuwa ametoka eda karibuni tu. Dokta alipewa chumba cha mbele. Mimi nikapewa kile kidogo cha uani: kitanda cha kamba, kioo cha duara kimetundikwa kwenye msumari sawasawa na uso wangu, na sanduku la bati chini ya kitanda ambalo sikuambiwa nisilifungue na wala sikulifungua. Kila Ijumaa Bi Somoe alitoa godoro langu la sufi nje, akalipigapiga kwa fimbo, akalianika, akalirudisha na kutandika shuka yenye harufu ya udi. Nilijiona mgeni wa heshima hasa. Nikamtania Dokta kwamba mwenyeji wetu ananipenda mimi zaidi, na yeye akasema kwa kweli, mbona godoro lake halipati jua? Tukacheka, ukawa mzaha wetu wa kila Ijumaa. Hakuna aliyejiuliza kioo kile kilitundikwa kwa kimo cha nani.

Chakula nakikumbuka, tumbo langu halijawahi kunisaliti. Asubuhi ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi, chai ya mchaichai isiyo na maziwa. Mchana ugali wa muhogo uliolainika kama alivyojua Bi Somoe, na kisamvu cha nazi. Msimu wa korosho tulizichoma uani mpaka moshi ukatutoa machozi, na Dokta alikula mabibo akaharibu blauzi mbili, hakusikia la mtu. Mbwa naye alikaa nje ya mstari ule wa vishimo ambao matone ya mvua huchimba chini ya makuti. Hapo ndipo mpaka wake. Bi Somoe alikuwa Mwislamu wa kushika dini. Pua mbichi ya mbwa ikimgusa kanga, aliivua na kuiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, wala hakulalamika, wala hakumpiga mbwa. Dokta alipouliza siku ya kwanza kama mbwa ni wake, alijibu, "Si wangu huyo. Wa marehemu." Nasi tukaandika hivyo hivyo: wa marehemu. Tukaongeza kwamba mama wa nyumba hana mazoea na mbwa, maana tuliona anavyomkwepa, na mimi niliyelelewa Sudi katika nyumba ya namna hiyohiyo sikumweleza Dokta kwamba kumkwepa mbwa si kumchukia.

Mbwa aliitwa Asirudi. Huku kwetu kusini mbwa hapewi jina la kupendezea. Jina la mbwa ni ujumbe. Ukikorofishana na mtu huhitaji kwenda kumtukana mlangoni kwake. Unafuga mbwa, unamwita Mtajuta, na kila jioni unasimama uani unaita kwa sauti ya kutosha, mwenyewe anasikia na hana pa kukushitaki. Nimewajua mbwa walioitwa Yamewashinda, Semeni Tena na Wivu Tu. Kwa hiyo niliposikia Asirudi nilijua kuna mtu katupiwa kijembe. Nikamweleza Dokta, akafurahi, akamwendea Bi Somoe aliyekuwa anachekecha unga, akamwuliza ni nani huyo ambaye asirudi. "Aliyempa jina yuko kaburini," Bi Somoe akasema. "Kamwulizeni." Mimi nikacheka. Sijui kama yeye alicheka. Nilikuwa natazama masikio ya mbwa, kwa kuwa jina lake lilikuwa limetajwa.

Kazi yangu kubwa ndiyo ilikuwa hiyo. Nilikaa barazani kwenye kigoda, nikasikiliza nani kamwita Asirudi, kamwita kwa sauti gani, na mbwa kafanya nini. Majirani walimwita. Watoto walimwita kutwa nzima, wengine kwa kumchokoza tu. Wakatoliki wa kilima cha pili wakipita kwenda kisimani walimwita. Mimi nilimwita. Dokta alimwita kwa lafudhi ya Moshi na mbwa akageuza shingo, basi. Bi Somoe akitaka kumpa ukoko alitoka na mwiko, akagonga kitako cha sufuria, ko-ko-ko, na Asirudi akaja mbio ambazo hakumjia nazo mtu mwingine yeyote. Hilo nililiandika pia, kwamba anakuja kwa mlio wa sufuria. "Njaa hiyo," akasema Dokta, tukaendelea.

Upande wa watu ndio uliokuwa na vituko. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye mbwa wake, tulimwona kwa macho yetu, alikimbia nguruwe akajificha chini ya ghala. Kesho yake mzee akasema mbwa alibweka. Baada ya wiki kadhaa mbwa alikuwa amepigana. Mwisho wa msimu mzee mwenyewe alikuwa ndani ya mapigano na panga mkononi, na alama ya jeraha alituonyesha. Hakuwa anasema uongo, masikini. Ndivyo anavyoliona sasa. "Mtu hamkumbuki mbwa, Salma," Dokta alikuwa akiniambia tukirudi nyumbani. "Anajikumbuka yeye, halafu anamweka mbwa mbele." Nilipenda sana maneno yale, nilijiona nimeshakuwa msomi. Bi Somoe tulimwuliza kama wengine. "Mbwa ni mbwa, wanangu. Alikula, akalala, akabweka." Tulipomrudia, maneno yakawa yaleyale. Dokta akafunga kalamu, akaninong'oneza kwamba huyu mama hatufai, hana kumbukumbu.

Sasa njia panda. Kila siku baada ya swala ya alasiri Asirudi aliinuka, akashuka mteremko hadi pale kijia cha kijiji kinapokutana na barabara ya magari, akalala mavumbini. Gari la jioni kutoka barabara kuu lilifika saa zake, likashusha watu na matenga yao, likaondoka. Mbwa hakulitazama. Alilala ameigeuzia barabara mgongo mpaka vumbi likatulia, ndipo akainuka kurudi nyumbani. Dokta alipoambiwa kwamba Mzee Athumani alipakiwa garini palepale njia panda kupelekwa hospitali na hakurudi mzima, alilia machozi ya kweli. "Anamsubiri," akasema. Nikamwuliza mbona basi anaipa barabara mgongo, na akaniangalia kwa huruma, utadhani mimi ndiye mbwa. "Amekata tamaa, lakini hawezi kuacha kuja." Majirani wakatuambia jambo jingine la ajabu: mara baada ya mazishi mbwa hakwenda kokote, alikaa uani miezi kadhaa, halafu siku moja akaanza ghafla kushuka njia panda. Dokta alilala na hilo, kesho yake akaamka na jibu. Huzuni ya mbwa huchelewa, akasema. Masika yakaja, barabara ikakatika, hakuna gari wala baiskeli, na Asirudi akashuka vilevile kila siku kwenye tope. Dokta alisema hajawahi kuona kitu kama kile.

Bi Somoe alikuwepo pale. Hili nalo nalijua, ila nalijua kama ninavyojua kwamba palikuwa na jiwe. Kulikuwa na jiwe pana kando ya njia panda alilolitumia kuanikia makopa ya muhogo, akiyapatia jua la jioni na kuyageuzageuza, na wakati wa masika makopa yasipoanikika alikuja kuchuma mchicha pori. Alikaa kwenye jiwe. Mara nyingine alitukingia, na Dokta akamwomba, "Mama, tafadhali sogea kidogo tumwone mbwa vizuri." Akasogea.

Mbwa yule alitusomesha wote wawili. Dokta alimwandikia makala, akamzungumzia kwenye mikutano ya watu wakubwa, na mimi akanishika mkono nikaingia chuo kikuu. Dokta sasa ni marehemu naye, Mungu amrehemu, alinitendea wema ambao sitausahau. Nilirudi Lindi kufundisha, na kila mwaka darasa likianza kusinzia mchana nawasimulia wanafunzi habari za mbwa wa vilimani aliyemsubiri bwana wake aliyekufa, aliyegeuzia barabara mgongo kwa huzuni. Wanaamka. Wasichana wanafuta macho. Nimeisimulia mpaka napajua pale pa kushusha sauti. Nimejengea jina la mwalimu mzuri juu ya habari ile, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumweka Bi Somoe ndani yake, hata kwa kumpitisha tu na ungo.

Basi nikafunga safari kwenda arobaini nikiwa sina kitu mkononi, na njiani nikaanza kupika uongo. Nisingependa kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa najua jinsi mtu anavyopandikizwa kumbukumbu, nimefundishwa kwa mshahara: usimpe kitu kikubwa, mpe kidogo chenye harufu na rangi, kingine atakijaza mwenyewe. Nilipanga kumwambia Rukia kwamba mama yake aliniambia, siku moja tukimenya mihogo, una mikono kama ya mwanangu. Ilikuwa tamu, ilikuwa fupi, na ingemtosha. Nilifika nayo mdomoni.

Dua ilikuwa imekwisha, pilau imeliwa, watu wanaaga. Rukia nilimjua kwa kimo cha kile kioo cha chumbani; tulikuwa sawasawa, ingawa kanizidi miaka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari."

"Pole na msiba."

"Nimeshapoa." Akanivuta barazani, akaniwekea chai, akakaa kwenye mkeka. "Kabla hujasema, nikueleze mimi, ili ujue unalijibu lipi. Nilitoroka hapa na Kosmas, fundi seremala wa kilima cha pili. Mkristo. Tukaenda Masasi. Baba akachukua mbwa akampa jina, na habari zikanifikia hukohuko: baba yako anafuga mbwa anaitwa Asirudi, anaitwa uani mchana kutwa. Asirudi ni mimi."

Nilikuwa nimelitaja jina lile mwaka mzima, na kulala kitandani kwake.

"Baba alipokufa nikafunga mzigo nije," akaendelea. "Nikaufungua. Nikasema, baba hayupo lakini mbwa yupo, na mbwa lazima aitwe, na wa kumwita ni mama. Nilikuwa naisikia sauti yake, Salma. Nipo Masasi napika, namsikia mama yangu anasimama uani anaita asirudi, asirudi. Nimeisikia maisha yangu yote. Mpaka nilipokuja, mbwa alikwishakufa na mimi nina mtoto mgongoni, mama akaniambia maji yapo mtungini, kaoge. Basi. Tukaishi vizuri, wallahi, Kosmas alimpenda kuliko mimi. Lakini lile hatukulisema. Nilimwuliza mara moja, akaniambia, ya nini hayo?" Akanitazama. "Sasa sema. Na usinipambie, tafadhali. Kuanzia siku ya mazishi wananipambia tu, nimechoka."

Ule uongo wangu wa mihogo ulinikauka mdomoni.

"Dada Rukia," nikasema, "mama yako simkumbuki. Nisamehe. Nilikula chakula chake mwaka mzima na simkumbuki. Nilikuwa namtazama mbwa."

Nilidhani atainuka, na angeinuka ningemwelewa.

"Haya," akasema mwisho. "Niambie ya mbwa."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu nilikuwa nimeshajua nina nini cha kumpa.

"Mama yako hakumwita jina lile," nikasema.

"Mbele yenu."

"Hata nyuma yetu. Dada, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliajiriwa kusikiliza nani anamwita mbwa yule na anamwitaje. Nilikaa hapa, barazani hapa, asubuhi mpaka magharibi. Waliita wote. Watoto waliita, Wakristo waliita, mimi mwenyewe niliita, Mungu anisamehe. Yeye hakulitamka. Hakulitamka hata alipoulizwa maana yake."

"Na akimtaka?"

"Alikuwa anatoka na mwiko. Anagonga sufuria."

Rukia akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua si kicheko, kisha kikawa kicheko pia, vyote pamoja. "Mama jamani," akasema. "Mama jamani. Sufuria!"

Nikamweleza habari za godoro la kila Ijumaa, na nilipokuwa nasema nikaona mwenyewe upumbavu wangu. Akasema tu, "Shuka ilinukia udi?" Nikasema ndiyo. "Ijumaa nilikuwa nikirudi kutoka madrasa, nakuta kitanda changu kimetandikwa hivyo," akasema, hakuongeza.

Akataka zaidi. Nami, kwa kuwa sikuwa na kingine, nikaanza kumsimulia ile habari yangu ya darasani. Niliianza kwa mazoea, na sauti nikaishusha pale ninapoishusha. Mzee Athumani akapakiwa njia panda, hakurudi mzima. Mbwa hakwenda kokote mara moja, nikasema, alikaa uani miezi minne hivi, kisha ghafla akaanza kushuka kila alasiri...

Nimeyasema maneno yale mbele ya madarasa sijui mangapi, na safari hii niliyasikia.

"Miezi minne," Rukia akasema taratibu.

"Miezi minne na siku zake."

"Mama alikuwa eda."

"Alikuwa eda," nikasema. "Hakuruhusiwa kutoka. Alipotoka, mbwa naye akatoka."

Dokta Anjela hakujua eda ni nini, na simlaumu. Mimi nilijua. Mama yangu mzazi nilimwona akikaa eda, nilimchotea maji ya kuoga. Nilikuwa na jibu nyumbani kwetu Sudi kabla hata sijaonana na mbwa yule, na nikamwacha Dokta aseme kwamba huzuni ya mbwa huchelewa, nikaandika kwa mwandiko mzuri. Kama ningemwuliza Bi Somoe swali moja pale kwenye jiwe, mama, unamngoja nani, labda angenijibu ya nini hayo. Lakini labda angenijibu. Masasi si mbali kiasi hicho. Gari la Dokta lilikuwa limeegeshwa uani mwaka mzima.

"Twende," Rukia akasema, akiwa ameshasimama.

Tukashuka mteremko. Njia panda imebadilika, pana kibanda cha wenye bodaboda na mtu anauza vocha, lakini jiwe lipo, limeng'aa katikati kwa kukaliwa. Nikamwonyesha. Vijana wa bodaboda wakamwamkia, wakampa pole, wakarudi kwenye simu zao.

"Alikuwa anakaa hapa?"

"Hapo. Ana makopa yake. Wakati wa mvua anachuma mchicha."

"Hata mvua? Gari lilikuwa halifiki."

"Hata mvua."

"Alikuwa anaangalia wapi?"

Ningeweza kumwambia barabarani. Ilikuwa ndiyo kweli, nadhani, na ndiyo aliyotaka. Lakini sikuiona.

"Sijui, dada. Sikumtazama. Tulikuwa tunamwambia asogee."

Nilitamani anitukane. "Na mbwa?" akauliza. "Mbwa mlimtazama. Alikuwa anaangalia wapi?"

"Barabara ilikuwa mgongoni kwake," nikasema. "Siku zote. Tulisema ni huzuni." Nikasimama pale pale alipokuwa akilala Asirudi, barabara nikaiacha nyuma yangu, ili aone mwenyewe kilichokuwa mbele. "Alikuwa anaangalia jiwe."

Rukia akalipangusa jiwe kwa upindo wa kanga, akakaa, uso wake akauelekeza barabarani. Nyuma yangu nikasikia gari linapanda kutoka barabara kuu, linapunguza mwendo, mlango unafunguliwa, watu wanateremka na kuitana majina. Sikugeuka. Alikuwa na paji la uso pana, kovu dogo juu ya nyusi, na kidevu kilichoanza kutetemeka kabla macho hayajalowa.